Kinyozi wa Kitanda Thelathini na Moja

Ofisini kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wakili humwita Bi Nakala, mfagizi humwita Bi Nakala, na hata barua moja ya serikali iliwahi kuja imeandikwa hivyo juu ya bahasha, ikapokelewa bila ubishi. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza wa kazi, baada ya jalada moja kupotea kati ya meza mbili zilizo katika chumba kimoja. Mwenye jalada alirudishwa alikotoka kwa kukosa karatasi ambayo watu wanne walikuwa wameiona kwa macho yao. Tangu siku hiyo Bi Nakala hutoa nakala tatu za kila kitu: moja ya jalada, moja ya mkoba wake, na moja ambayo hasemi anaiweka wapi.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mpiga chapa wa shule ya sekondari kwa miaka kumi na tisa. Alichapa mitihani yote ya shule ile, na halikuvuja hata swali moja. Kompyuta zilipoletwa, akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani ambayo hadi leo inakwenda nyuma dakika saba. Sasa ana miaka hamsini na sita. Ni tarishi wa ofisi yetu ya msaada wa kisheria, na kazi yake kubwa ni kupeleka karatasi kwenye kituo wanakozuiliwa watu walioingia nchini kuomba hifadhi, na kuzitoa huko zikiwa na alama ya mwenyewe. Mimi nakaa meza ya pili, ya masjala, na kwa miaka kumi na moja nimeandika kwenye daftari saa anayotoka na saa anayorudi. Anayesikia kwa mbali hudhani ni kazi ya miguu tu. Ya miguu ni sawa, lakini zaidi ni kazi ya kumeza maneno.

Kituo kina utaratibu wake. Siku za msaada wa kisheria ni Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Mawakili huingia ndani, wengine wote huishia langoni. Wakili wetu ni mmoja, ana majalada sitini na mawili, na asubuhi nyingi yuko mahakamani, kwa hiyo karatasi nyingi huingia bila yeye. Langoni kuna kidirisha cha ukubwa wa sahani. Unapitisha bahasha iliyofungwa, ambayo askari haruhusiwi kuisoma kwa sababu ni siri ya wakili na mteja wake, na juu yake unabandika barua inayotaja jina na kitanda. Askari huipeleka bwenini na kurudi nayo karatasi zikiwa zimetiwa dole gumba. Dole gumba, kwa sababu kalamu haziruhusiwi ndani. Kalamu, wanasema, ni silaha. Katika miaka yote hiyo Bi Nakala hajaona sura ya hata mmoja wa watu anaowahangaikia. Anawajua kwa vidole.

Na kule ndani watu hawaitwi kwa majina. Majina ya wageni ni marefu, kila askari huyatamka kwa namna yake, na iliwahi kutokea wawili wakaitika jina moja, akatoka asiyehusika. Mkuu wa kituo akaamua mambo yaende kwa vitanda. Kila kitanda na namba yake, kila namba na jina lake katika kitabu kikubwa chenye gamba jekundu, na kila kitanda kina haki ya kupelekewa bahasha ya wakili mara moja kwa wiki. Ukiuliza habari za mtu, unaulizwa kitanda.

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, aliingia ofisini mtu aliyeachiwa asubuhi ya siku hiyo. Tulichokiona kwanza ni nywele zake. Zilikatwa sawasawa, ukingo wa kipaji umenyooka kama umepigwa rula. Akaketi, akavua kiatu cha kulia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema ametumwa na kinyozi.

Kinyozi huyo, alivyotueleza, alikuwa na miezi saba ndani. Kila Jumatatu hupewa mashine ya kituo, askari akiwa amesimama kando, akawanyoa wenzake wanaokwenda kusikilizwa wiki hiyo ili wasionekane kama watu waliookotwa. Amewaandaa wengi, na baadhi wametoka. Ombi lake mwenyewe limekataliwa.

"Kinyozi hajinyoi," akasema yule mtu, akivaa kiatu chake. "Yuko kitanda thelathini na moja, cha chini, karibu na mlango. Ukutani kuna orodha ya namba zenu za simu, lakini simu yenyewe waya wake hauendi popote."

Karatasi ilikuwa uamuzi wa kukataliwa, nakala pekee aliyopewa. Bi Nakala aliishika kwa ncha za vidole, akaenda nayo kwenye mashine ya kunakili kabla hata hajaisoma. Tarehe yake ilikuwa ya Ijumaa iliyotangulia, na mwisho wake uliandikwa kwa herufi nzito: rufaa ipokelewe na masjala ya rufaa ndani ya siku kumi na nne, kabla ya saa tisa na nusu alasiri, ikiwa na alama ya mwombaji, vinginevyo atarudishwa alikotoka. Siku sita zilikuwa zimekwenda. Siku za kituo zilizobaki zilikuwa mbili, Jumanne na Alhamisi. Ijumaa ya wiki iliyofuata ingekuwa mwisho.

Wakili alisoma sababu za kukataliwa kwa sauti. Kinyozi alikuwa na duka lake katika mji wake. Siku moja alimnyoa mtu ndevu na nywele zote, kumbe mtu huyo alikuwa anatafutwa na wanajeshi. Walipokuja wakakuta nywele sakafuni na mtu hayupo. Wakamwambia kinyozi kwamba ndiye aliyembadilisha sura ili atoroke. Kinyozi akapotea kwa mlango wa nyuma, hakurudi tena. Uamuzi ulisema maelezo hayo hayaaminiki, kwani mwombaji "ameshindwa kutaja jina la mteja anayedai kumnyoa".

Bi Nakala akauliza kama kinyozi wa Wakili anajua jina la Wakili.

Wakili alijishika kichwa, akafikiri. "Huwa ananiita Bosi."

"Haya," akasema Bi Nakala. "Andika hivyo."

Wakili aliandika rufaa kurasa nne. Jumatatu jioni ilikuwa imechapwa, nakala tatu, na Jumanne saa mbili na nusu Bi Nakala alikuwa langoni. Zamu ilikuwa ya Sajini, mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye zamani aliwahi kupewa onyo kali kwa kumruhusu mtu aliyejifanya mpwa wa mahabusi. Tangu onyo lile hafanyi jambo lisilo kitabuni. Msemo wake ni kwamba sheria ni msumeno, na husema hivyo huku akikata hewa kwa kiganja, mbele na nyuma.

Akaisoma barua ya juu. Akafungua kitabu chekundu. Kitanda thelathini na moja, jina la Kinyozi, vimeoana. Akaenda na bahasha, na baada ya dakika ishirini akarudi nayo. Nakala zote tatu zilikuwa na dole gumba, pana, limekolea wino. Bi Nakala akauliza kama mteja amesema chochote.

"Kusema hakusema," Sajini akajibu. "Amecheka."

Aliporudi ofisini alinisimulia hilo la kucheka mara mbili. Lilimkaa vibaya. Alisema watu wanaotia dole kwenye rufaa huwa hawacheki. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu ni kinyozi, huenda anazo za ziada.

Jumatano asubuhi alizipeleka kwenye masjala ya rufaa, ghorofa ya tatu, chumba chenye benchi moja na feni isiyozunguka. Karani wa huko tunamwita Darubini kwa sababu ya lenzi yake. Kila dole gumba linaloingia hulilinganisha na lile lililochukuliwa siku mtu alipoingia nchini. Aliweka la zamani kushoto na jipya kulia, akainama, akainuka, akainama tena.

"Hiki si kidole chake, dada."

Bi Nakala akamwambia afute lenzi yake. Darubini akaifuta, akamkabidhi aangalie mwenyewe. Dole la zamani lilikuwa jembamba, na katikati lilipasuliwa na mstari mweupe, kovu la mkasi. Dole jipya lilikuwa pana kama kifuniko cha chupa, na mistari yake imefutika kama ya mtu aliyelima maisha yake yote. Hapakuwa na kovu lolote.

Alirudi saa saba. Aliweka mkoba juu ya meza, akakaa bila kuvua skafu. Chai niliyomwekea ikapoa mpaka ikafanya utando. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisema kwamba karatasi ikipitia mikononi mwake haiendi kombo, na sasa alikuwa na nakala tatu za kosa moja. Niliona anatafuta wa kumkasirikia na hampati. Aliyetumwa na Kinyozi alisema kitanda thelathini na moja, kitabu kilisema thelathini na moja, Sajini alikwenda thelathini na moja.

Nyumbani nako hakupata pa kupumzikia. Mumewe, fundi wa injini aliyestaafu, ni mtu wa maneno machache, lakini dada wa mume anaishi nao, na huyo hajawahi kukosa la kusema. Alimwambia wifi yake kwamba anateka maji kwa pakacha, kwamba wale watu si ndugu zake, na kwamba mtu mwenye magoti mabovu hapaswi kupanda ghorofa ya tatu kumtetea asiyemjua hata kwa sura.

"Kweli simjui kwa sura," Bi Nakala akamjibu. "Wewe nakujua kwa sura miaka thelathini, umenisaidia nini?"

Mumewe alicheka mpaka akakohoa. Hayo alinisimulia Bi Nakala mwenyewe kesho yake kwenye simu, akiwa njiani, na ilikuwa mara ya mwisho asubuhi ile kusikia sauti yake ina mzaha.

Maana Alhamisi ilikuwa siku ya kumi na tatu. Saa tatu kamili alikuwa kidirishani na nakala tatu mpya, bahasha imefungwa, barua imebandikwa juu. Sajini akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari, akafunga kitabu.

Kitanda thelathini na moja kilishapata bahasha Jumanne. Mara moja kwa wiki. Arudi Jumanne ijayo.

Bi Nakala akamweleza kwamba Jumanne ijayo rufaa itakuwa imekufa tangu Ijumaa. Akamweleza habari ya kovu, na lenzi, na dole pana. Alieleza polepole, kama anayemsomea mtu imla, na alipomaliza akamwomba kitu kimoja tu: aende akaangalie nani amelala kitanda thelathini na moja. Kuangalia si kupeleka bahasha. Sajini alitafuta kosa katika ombi hilo, hakuliona, akaenda.

Alirudi anafuta jasho. Jumanne, alikiri, aliangalia namba ya kitanda tu, sura hakuitazama. Kitanda thelathini na moja amelala mzee, mguu umevimba kuanzia kwenye goti. Bwenini wanamwita Babu. Kitanda chake kitabuni ni arobaini na saba, cha juu, mwisho kabisa. Jumapili hakuweza kupanda, akakaa sakafuni. Kinyozi akainuka na shuka lake, akamlaza Babu pake, akaenda kulala juu.

"Basi nenda arobaini na saba," akasema Bi Nakala.

"Arobaini na saba kitabuni ni Babu. Barua yako inasema Kinyozi."

"Lakini aliyelala pale ni Kinyozi. Umemwona sasa hivi."

"Nimemwona. Hata nimemsalimia." Sajini aliugeuza mkono, akakata hewa. "Mama, sheria ni msumeno. Jina na kitanda lazima vioane."

"Badilisha kitabu, basi."

Kubadilisha kitabu kunahitaji saini ya mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo yuko kwenye semina hadi Jumatatu. Bi Nakala akauliza semina ya nini. Sajini aliangalia chini kabla ya kujibu. Ilikuwa semina ya huduma bora kwa wateja.

Hapo ndipo aliponipigia. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mimi namjua, akishusha sauti ujue maji yamemfika shingoni. Alinieleza yote niliyoandika hapo juu kwa sentensi tano, halafu akaniambia nichape barua. Barua iseme kwamba ofisi yetu inamwakilisha Babu, kitanda arobaini na saba, na inamletea bahasha. Akanitajia jina la Babu herufi kwa herufi, kwa kuwa Sajini alikubali kumsomea kitabuni. Jina na kitanda vingeoana. Sajini angekwenda arobaini na saba. Na aliyelala arobaini na saba ni nani? Bahasha haisomwi.

Nilichapa, nikaweka muhuri mfukoni, nikaenda mahakamani. Wakili alikuwa kwenye ujia akisubiri kesi yake iitwe. Aliisoma barua, akaisoma tena, akaomba simu.

"Bi Nakala, mimi sisaini uongo. Huyu mzee ni mteja wetu au ni ngazi ya kupandia?"

Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia jibu. Alisema mzee yule ana miezi kumi na moja ndani na ukurasa wake kitabuni ni mweupe. Hakuna bahasha hata moja iliyowahi kumfikia, hakuna aliyewahi kumwita. Watu wamechoka kutafuta mkalimani wa lugha yake, wakamwacha. Mara yake ya kwanza kupelekewa karatasi ni Jumanne ile, kwa makosa, tena na yeye.

"Kwa hiyo ni mteja wetu," akasema. "Amekuwa mteja tangu Jumanne. Ila hatukujua."

Wakili alifumba macho kidogo. "Nina majalada sitini na mawili."

"Andika sitini na tatu."

Akasaini barua akiwa ameiegemeza ukutani. Nikapiga muhuri juu ya goti langu, nikatafuta pikipiki ya kukodi.

Nilifika langoni saa tano na dakika arobaini. Bi Nakala alikuwa amesimama palepale kidirishani. Kulikuwa na kiti, lakini alisema akikaa Sajini ataona ameridhika. Alinipokonya barua, akaisoma yote kuanzia tarehe, wakati dakika zinakwenda, kisha akaibandika juu ya bahasha na kuipitisha.

Sajini akafungua kitabu. Kidole kikashuka hadi arobaini na saba. Akasoma jina kwa vipande vitatu, akalinganisha na barua, akatazama muhuri kwa upande, akatutazama sisi. Alijua. Mtu yeyote angejua. Lakini niliona uso wake unalegea, kama mtu aliyetafutiwa ruhusa ya kufanya alichotaka kufanya tangu asubuhi.

"Jina na kitanda vimeoana," akasema, akaondoka na bahasha.

Tulisubiri. Saa ya ukuta wa lango ilikuwa na mshale wa sekunde uliokuwa ukiruka na kusita. Bi Nakala hakuitazama. Alikuwa anahesabu vibanio vya karatasi ndani ya mkoba wake. Saa sita kasoro dakika sita Sajini alirudi, akapitisha bahasha. Bi Nakala akazitoa karatasi, akainua ya kwanza kwenye mwanga. Dole lilikuwa jembamba, na katikati yake palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Akainua ya pili. Akainua ya tatu.

Sajini alikuwa bado ameinama kidirishani. Akasema Kinyozi ameuliza kama alikosea kumpa mzee kitanda.

Bi Nakala aliishusha karatasi ya tatu. Nilidhani atasema la kuudhi, maana kwa kweli kitanda kile kilikuwa kimetugharimu siku mbili, na yeye tangu Jumatano alikuwa akimtafuta wa kumlaumu.

"Mwambie hakukosea," akasema. "Mwambie asirudi chini mpaka tumwambie."

"Na yule Babu," Sajini akaendelea, sasa kwa sauti ya chini kwa kuwa askari mwingine alikuwa anapita, "tangu Jumanne amekataa kunawa dole. Wino bado upo. Anawaonyesha wenzake. Anadhani mambo yake yameanza."

Bi Nakala alizirudisha karatasi kwenye bahasha, moja baada ya nyingine, akazilinganisha kingo.

Saa nane alikuwa ghorofa ya tatu. Darubini aliinama, akainuka, hakuinama tena. Akapiga muhuri: IMEPOKELEWA. Siku ya kumi na tatu, saa nane na dakika ishirini na tano. Bi Nakala akamwomba apige na nyingine mbili. Kupokelewa si kushinda. Kesi itasikilizwa baada ya miezi mitatu, labda minne, na huko pia watamuuliza Kinyozi jina la mteja wake. Lakini hadi hapo hawezi kurudishwa.

Ofisini alikunywa vikombe viwili vya chai, cha kwanza akiwa amesimama. Kisha akafungua jalada jipya, namba sitini na tatu. Karatasi ya kwanza aliyoiweka ndani ilikuwa ile rufaa iliyokataliwa, yenye dole pana. Nikamwambia kwa utaratibu wa masjala haiwezi kukaa humo, ina jina la mtu mwingine.

"Jina ni la mwingine," akasema. "Kidole je?"

Nikaiandika daftarini kama ilivyo.

Jumanne iliyofuata alikwenda na ombi la Babu la msaada wa kisheria, la kweli sasa, na Wakili alikuwa ameanza kumtafuta mkalimani kwa kuuliza makanisani na misikitini. Mkuu wa kituo alikuwa amerudi Jumatatu, akasikia habari za vitanda, akakasirika. Aliamuru kila mtu arudi kitanda cha kitabuni. Mganga wa kituo akasema Babu hapandi popote na mguu ule. Mkuu akasema basi kitabu kirekebishwe. Lakini kitabu, kumbe, hakirekebishwi katikati ya mwezi. Kwa hiyo siku ile Babu alikuwa thelathini na moja kwa mujibu wa mganga, arobaini na saba kwa mujibu wa kitabu, na kulikuwa na mpango wa kumhamishia chumba cha wagonjwa, ambako vitanda havina namba kabisa. Yote hayo Sajini alimweleza Bi Nakala bila kukata hewa hata mara moja. Alionekana amechoka.

"Sasa, mama," akamalizia, "barua yako inasema kitanda kipi?"

Bi Nakala alifungua mkoba, akapanga bahasha tatu kwenye ukingo wa kidirisha. Ya kwanza ilisema thelathini na moja. Ya pili ilisema arobaini na saba. Ya tatu, mahali pa namba, palikuwa wazi.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya popote mtakapomhamishia kabla sijafika kituo cha basi."

Sajini aliangalia bahasha tatu, akaangalia kitabu. Akachukua ya arobaini na saba, kwa kuwa ndiyo iliyooana, akaenda nayo moja kwa moja hadi kitanda cha thelathini na moja.

Karatasi iliporudi, Bi Nakala hakuhitaji lenzi. Aliweka dole jipya kando ya lile la Jumanne ya kwanza, kwenye nakala aliyobaki nayo mkobani, akaona ni lile lile. Safari hii wino ulikuwa umekolea mara mbili, wa zamani na mpya, umevuka hadi kwenye ukingo wa karatasi.

Aliniambia aliuliza kama mzee amecheka. Sajini akasema hapana, safari hii alitaka kujua, kwa ishara za mikono, ni lini karatasi nyingine itakuja.

"Nikamwambia Alhamisi, maana kitanda thelathini na moja bado hakijapata bahasha yake ya wiki," akasema Bi Nakala, na akaanza kutafuta kalamu ili niandike saa aliyorudi.